Posa Kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Binti Mfalme

Hongera, mwari wangu. Posa imefika kutoka ng'ambo, washenga wamekula na kunywa, na baraza la baba yako limekwisha kukubali kwa niaba yako. Hapo ulipo una maswali matatu: utakaa wapi, utakula nini, na huyo bwana ana watoto wangapi. Mawili ya mwanzo utajibiwa.

Mimi kungwi wako nina mfano mmoja tu wa kukufundishia, naye ni Catarina wa Bragança, binti wa Ureno aliyezaliwa Vila Viçosa mwaka 1638 na kuolewa na Charles II wa Uingereza mwaka 1662. Wako malkia wengine waliokatwa vichwa, na wengine waliorudishwa kwao kama mzigo uliokosa mwenyewe. Hao hawafai kufundishia, mtoto wa watu ataingiwa na hofu. Catarina alikaa Uingereza karibu miaka thelathini na akaondoka kichwa kikiwa shingoni. Katika fani hii, hiyo ni shahada ya juu.

Jambo la kwanza ni kuchagua baba. Catarina alipozaliwa, wake alikuwa mwinyi mkubwa mwenye kasri na mashamba, basi. Lakini mtoto alipokuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili, Desemba 1640, Wareno waliwakataa Wahispania waliowatawala kwa miaka sitini, wakamkalisha mwinyi huyo kitini kwa jina la João IV. Hispania ikagoma kumkubali, na Papa, aliyekuwa na sababu zake za kuiogopa Hispania, akagoma kumtambua. Kuanzia siku hiyo katoto kale kakawa mali ya serikali. Binti wa mtawala mwenye amani huozwa kwa jirani. Binti wa mfalme mwenye vita huozwa kwa jeshi. Mkataba wa ndoa uliotiwa saini Juni 1661 ulimtaka Charles apeleke Ureno askari wa miguu, wapanda farasi na manowari. Walikwenda kweli, wakapigana, na mwaka 1668 Hispania ikafanya amani na kuutambua ufalme. Itunze kumbukumbu hiyo, utaihitaji siku utakapoambiwa kwamba hujazaa kitu.

Sasa mahari. Kwetu mwanamume ndiye anayehangaika. Huko mambo ni kichwa chini miguu juu: inayolipa ni nyumba ya bibi harusi. Mama yake Catarina, Malkia Luisa de Guzmán, aliyeshika utawala baada ya João kufa, aliahidi mji wa Tangier kule Morocco, visiwa vya Bombay kule Bara Hindi, ruhusa ya Waingereza kufanya biashara katika makoloni ya Ureno, pamoja na krusado milioni mbili. Charles madeni yalikuwa yamemfika puani. Wahispania walijaribu kumtajia mabinti wengine, hata wakajitolea kuwalipia mahari wao wenyewe, lakini alipokwisha kusikia milioni mbili hakuna binti mwingine aliyekuwa na sura.

Lord Sandwich alipofika Lisbon na meli kuchukua bibi harusi na fedha, bibi harusi alikuwapo. Fedha zilikuwa nusu, na hata hiyo nusu kwa sehemu kubwa ilikuwa masanduku ya sukari, vikolezo na hundi. Ilibidi mfanyabiashara, Duarte da Silva, atumwe London kuigeuza sukari kuwa pesa. Somo lako hapa ni fupi: usiseme lolote. Panda meli, tabasamu, na usikae karibu na masanduku wakati yanapohesabiwa.

Usitegemee pia kwamba watakaopokea mahari yako watajua wamepewa nini. Lord Clarendon, waziri mkubwa wa Charles, aliitaja Bombay katika maandishi yake kana kwamba iko karibu na Brazil. Walioijua iliko walikuwa Wareno wenyewe, ndiyo maana mkuu wao kule Goa, António de Melo e Castro, alipoonyeshwa barua ya kuikabidhi alianza kutafuta kasoro kwenye karatasi. Askari wa Kiingereza waliotumwa kuipokea waliachwa kisiwani Anjediva, wakafa mmoja baada ya mwingine, kamanda wao Abraham Shipman naye humohumo. Bombay ilikabidhiwa mwaka 1665. Miaka mitatu baadaye Charles akaipangisha kwa Kampuni ya India Mashariki kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Pauni kumi! Siku hizi kuna fremu za duka ambazo kodi yake ya mwezi ingeona haya kusimama karibu na hiyo. Sisi wa pwani tunaikumbuka Bombay kwa njia nyingine: kutoka bandari hiyo zilikuja nguo na rupia, na ilipofika 1841, balozi wa Kiingereza aliyeketi Zanzibar alikuwa akiwajibika pia kwa serikali ya Bombay. Tangier Waingereza walihangaika nayo, wakaijengea gati refu kwa gharama kubwa, kisha mwaka 1684 wakalibomoa wenyewe na kuondoka.

Unaposafiri, safiri ukiwa hujaolewa. Desturi ilikuwa binti aozwe kwa wakala kabla ya kuondoka, ili akifika ng'ambo awe mke wa mtu tayari. Ila ndoa ya Mkatoliki na Mprotestanti ilidai kibali cha Papa, na katika kibali hicho Papa angemwandika Catarina binti wa mwinyi, si binti wa mfalme. Lisbon wakaona bora wasimwombe kabisa. Kwa hiyo mwari akavuka bahari kwa ahadi na sukari.

Alitia nanga Portsmouth katikati ya Mei 1662, umri miaka 23. Mwenyeji hayupo. Shughuli za Bunge, aliambiwa. Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika shajara yake kwa hatimkato, ametuwekea habari za shughuli zenyewe. Mfalme alikuwa akila kila siku kwa Barbara Palmer, Lady Castlemaine, mke wa mtu na mjamzito. Usiku London ilipowasha mioto ya furaha kwa kuwasili malkia, mtaa mzima uliwaka isipokuwa mlangoni kwa Barbara. Humo ndani mfalme na mwenyeji wake waliagiza mizani, wakapimana uzito. Barbara akashinda, maana yeye alipanda na mwenzake tumboni.

Ukiwa unasubiri, omba chai. Simulizi husema Catarina aliomba, na kwa kuwa haikuwapo akaletewa bia. Usije ukaamini wanaokuambia ndiye aliyeivumbua kwa Waingereza: chai ilikuwa ikiuzwa London kabla hajafika, na Pepys alikuwa amekwisha kuionja mwaka 1660. Kazi ya Catarina ilikuwa kuinywa mbele ya wanawake wakubwa wa mjini, nao wakaona haya kutoinywa. Mshairi Edmund Waller akamtungia shairi la siku ya kuzaliwa lililomsifu yeye na chai kwa pamoja. Ni nadra malkia kusifiwa kwa kitu alichokipenda mwenyewe, kwa hiyo sifa ya namna hiyo ikija, ipokee.

Charles alipofika hatimaye, bibi harusi alikuwa kitandani, mgonjwa. Nakushauri nawe uugue. Mfalme mwenyewe alikuwa hoi kwa safari, akamwandikia Clarendon kwamba ameshukuru usiku ule hakutakiwa kutimiza lolote. Akaongeza kwamba macho ya mke wake ni mazuri, sauti inapendeza, na usoni hakuna cha kumchukiza mtu. Ndiyo barua ya mapenzi hiyo, mwanangu, zile nyingine utazisoma hadithini. Ndoa zilifungwa mbili siku moja, tarehe 21 Mei: ya Kikatoliki chumbani kwa siri, ya Kianglikana mbele za watu. Baada ya hapo riboni za buluu zilizoshonewa kwenye gauni lake zilikatwa na kugawiwa wageni kama kumbukumbu. Maharusi walizungumza Kihispania, lugha ya maadui wa baba mkwe, kwa kuwa ndiyo pekee waliyoweza kuelewana.

Na wapambe wako? Chukua wengi. Wale wa Catarina walishuka na sketi za fremu zilizotanuka kiunoni kama meza, mtindo ambao Waingereza walikuwa wameusahau, na mwandishi John Evelyn akazicheka katika shajara yake. Watachekwa, ndiyo, lakini wataijua lugha yako na dawa ya kichwa chako. Watarudishwa kwenu siku ileile utakayowahitaji zaidi.

Siku hiyo ikafika mapema, fungate haijapoa. Wakiwa Hampton Court, mfalme alimletea mke wake orodha ya mabibi watakaomhudumia chumbani. Hawa si wajakazi wa kufua. Ni wake wa wakubwa, wenye mshahara na heshima, wanaomvisha malkia na kusimama karibu naye mchana kutwa. Jina la Barbara lilikuwamo. Kumbe mama yake Catarina alikuwa amemfunda kabla ya safari: mwanamke huyo usimpokee. Catarina akachukua kalamu, akalifuta.

Tua hapo kidogo. Pengine ndicho kitu pekee alichokiandika kwa ridhaa yake mwenyewe tangu mkataba utiwe saini, na kilikuwa mstari mmoja.

Mfalme akanuna. Kisha, siku ya mapokezi, mbele ya watu wote, akamshika Barbara mkono na kumleta kwa malkia. Catarina hakumjua kwa sura, akampa mkono kwa adabu. Mtu aliyekuwa karibu akamnong'oneza ni nani. Rangi ikamtoka, machozi yakamjaa, damu ikamtoka puani, akazirai, akabebwa kwenda chumba cha pili. Nimewaona wari wakilia, wakigoma kula, wakijifungia ndani. Damu ya pua mbele ya kasri zima ni daraja jingine, na ukiweza kuifanya, fanya. Haitakusaidia, lakini itaandikwa.

Baadaye ndipo utaona kazi ya wanaume wenye busara. Clarendon, ambaye mwenyewe hakuwa akimpenda Barbara hata kidogo, alitumwa kumshawishi malkia. Alikuwa amepokea barua ya mfalme iliyosema kwamba yeyote atakayemzuia katika jambo hili atakuwa adui yake maisha. Mzee wa watu akaenda, akamweleza Catarina wajibu wa mke. Catarina akajibu kwamba afadhali arudi kwao. Jibu la mfalme lilikuwa kuwarudisha kwao wale wapambe, karibu wote. Akaachwa katika kasri ambamo kila aliyemhudumia alikuwa akimhudumia mtu mwingine pia.

Mwongozo wa kawaida wa unyago ungekwambia sasa uvumilie, upike vizuri, ujifukize udi. Hata Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mzima wa mawaidha, hakumwachia ubeti hata mmoja kuhusu hawara mwenye mshahara wa serikali. Catarina alibuni mbinu yake. Siku moja, ghafla, bila kumwarifu mtu, akaanza kumsemesha Barbara, kumchekea, kumpa nafasi. Clarendon alichukizwa: aliona ameshusha heshima yake baada ya kushikilia msimamo muda wote huo. Mimi namkatalia Clarendon. Mwanamke aliyenyang'anywa watu wake wote, asiyejua lugha, asiye na nauli, alitazama akaona mlango mmoja tu ulio wazi, akaupita. Barbara mwenyewe alikuja kutupwa, na baada yake wakaja wengine: Louise de Kérouaille kutoka Ufaransa, Nell Gwyn kutoka jukwaa la michezo, Hortense Mancini. Kila mmoja alikuwa na zamu. Catarina alikuwa na ndoa.

Suala la watoto nalipitia haraka kwa kuwa wewe utaulizwa kila siku. Charles alikuwa na watoto zaidi ya kumi wa nje aliowakubali hadharani na kuwapa vyeo. Kwa Catarina mimba ziliharibika. Oktoba 1663 aliugua hadi akapakwa mafuta ya wanaofariki. Waganga walimnyoa nywele na kumwekea njiwa miguuni, ndiyo tiba ya hali ya juu ya wakati ule. Katika homa hiyo akadhani amejifungua mvulana, akasikitika kwamba ni mbaya wa sura. Mfalme, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, akamwambia hapana, ni mtoto mzuri sana. Akajibu kwamba akifanana na baba yake, basi ni mzuri kweli. Katika yote ninayoyajua kuhusu Charles, hapo tu ndipo ninapomwona mume.

Alipona. Wengi kasrini walikuwa wamekwisha kumchagulia mfalme mke wa pili.

Ukishapona, tafuta burudani zako. Catarina alipenda karata, kucheza dansi, kulenga shabaha kwa upinde na kuvua samaki. Mwaka 1670, walipokuwa katika kasri la Audley End, yeye na wenzake wawili wakubwa waliamua kwenda gulioni karibu na hapo wakijifanya wasichana wa kijijini, wamevaa sketi nyekundu na kupanda farasi wazee. Wakapitiliza: nguo zao zilikuwa nyekundu kupita za kijiji chochote, watu wakadhani ni wachezaji wa maigizo na kuanza kuwafuata. Malkia akaingia kibandani kununua soksi za manjano za mpenzi wake, na bwana mmoja aliyefuatana nao akataka glavu zilizodariziwa buluu. Mazungumzo yao yakawasaliti. Kuna aliyewahi kumwona malkia akila hadharani, akamtambua, akatangaza. Gulio zima likakusanyika kumtazama. Wakapanda farasi kukimbia, na waliokuwa na farasi wakapanda nao, wakawasindikiza na wake zao na watoto mpaka lango la kasri. Ukitaka kujificha, mwanangu, vaa nguo za mtu anayekufulia, na usifungue kinywa.

Halafu watakuja kukuua, kisheria. Mwaka 1678 mtu mmoja mwongo kupita kiasi, Titus Oates, alidai Wakatoliki wamekula njama ya kumuua mfalme, na London ikamwamini kuliko kasisi yeyote. Watu wakanyongwa. Mwezi Novemba Oates akasimama mbele ya Bunge na kumshtaki malkia kwa uhaini: ati yeye Oates alikuwa nje ya mlango pale kasri la Somerset House akaisikia sauti ya malkia ikikubali mfalme atiliwe sumu na daktari wa malkia, George Wakeman. Charles alimhoji mwenyewe kuhusu vyumba na milango ya kasri hilo, na Oates akajikanyaga. Bunge la Makabwela likaomba malkia aondolewe kasrini. Kila mwanasiasa aliyekuwa na haja ya mrithi Mprotestanti alijua njia rahisi ilikuwa ipi: mfalme amwache huyu, aoe mwingine, azae. Hawakuhitaji hata sumu. Ilitosha mume anyamaze.

Charles hakunyamaza. Alikuwa mtu wa kukubali chochote ili asisumbuliwe, alikuwa ameachia wasio na hatia wanyongwe, lakini kwa Catarina alikataa katakata, na akamsogeza karibu naye watu wote waone. Wakeman akaachiliwa na mahakama Julai 1679. Usije ukaliita hilo penzi na ukalisubiri kwako. Liite deni, kwa mtu aliyekuwa halipi madeni.

Charles akafa Februari 1685, akiwa amepokelewa katika Ukatoliki kitandani na Padri John Huddleston. Catarina alizidiwa na huzuni hata hakuweza kukaa naye, akatuma ujumbe kuomba msamaha kwa lolote alilomkosea. Mfalme akashangaa: yeye ndiye wa kuombwa msamaha?

Ujane una kazi zake. Mwanao wa kambo, Duke wa Monmouth, ataasi na kushindwa, atakuandikia barua umwombee maisha, nawe utamwombea, na atakatwa kichwa vilevile. Utaitwa ushuhudie kwamba mtoto wa mfalme mpya alizaliwa na hakuletwa kwa siri kitandani. Halafu kuna pesa. Mkataba ulikuwa umemwahidi Catarina pauni 30,000 kwa mwaka, na alipoona hesabu hazikai sawa alimshtaki mahakamani mtu aliyesimamia mali yake, naye ni Earl wa pili wa Clarendon, mtoto wa yule mzee aliyemfundisha wajibu wa mke. Sisemi alilipiza. Nasema tu mahakama ilikuwa wazi.

Aliruhusiwa kuondoka mwaka 1692, akaingia Lisbon Januari 1693, akajijengea kasri la Bemposta. Ndugu yake Pedro II ndiye aliyekuwa mfalme, na si kipindi kizuri: huku kwetu Waomani waliizingira ngome ya Mombasa kuanzia 1696 hadi 1698, mpaka bendera ya Ureno ikashushwa. Vita na Hispania vilipowaka tena na Pedro akaugua, Wareno wakamtafuta mtu wa kushika nchi, wakamwona mjane wa miaka zaidi ya sitini aliyekuwa akisali na kutembelea watawa. Wakampa. Alitawala, akapanga jeshi na fedha za vita, na mwaka 1705 majeshi ya Ureno yakavuka mpaka na kuteka miji ndani ya Hispania. Alifariki tarehe 31 Desemba mwaka huohuo.

Kwa hiyo, mwari wangu, ukirudi kwenu umri umekwenda na wakakukabidhi ufalme, usishtuke. Soma barua zote kabla ya kutia saini, hesabu masanduku mwenyewe, na keti kitini kwa raha zako. Safari hii hakuna atakayekuuliza kama una mimba.